Jenerali von Lettow-Vorbeck na Watu Waliochukua Mizigo Yake

Makusudi yetu katika makala hii ni kueleza habari za Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, aliyepigana katika nchi hizi tangu Agosti 1914 hata Novemba 1918. Vitabu vingi vimeandikwa juu yake, vingine na adui zake, na karibu vyote vyamsifu kwa neno moja: kwamba hakushindwa. Watoto shuleni hulipokea neno hilo upesi, kwa maana kila mtoto hupenda shujaa. Lakini sisi tufundishao historia hatuna budi kulipima kwanza. Jemadari aliyepigana miaka minne, na nusu ya miaka hiyo bila reli, wala hakuletewa shehena kutoka kwao ila mara mbili tu, alikula nini? Risasi zake zilichukuliwa na nani? Kwa maoni yetu, habari za vita vile zimo katika maswali hayo zaidi kuliko katika mapigano.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, mwana wa afisa, katika ukoo wa mabwana wa Pomerania ambao kazi yao tangu zamani ilikuwa upanga. Mwaka 1900 alipelekwa China pamoja na majeshi ya Ulaya yaliyokwenda kuzima maasi ya Mabondia. Mwaka 1904 akaja Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi iitwayo sasa Namibia, akawa mmoja wa maafisa wa Jenerali Lothar von Trotha. Huyu ndiye aliyetoa amri ya Oktoba 1904 juu ya Waherero, hata watu maelfu kwa maelfu wakafa kwa risasi na kwa kiu katika jangwa la Omaheke. Baadaye Lettow-Vorbeck alipigana na Wanama, watu wachache wenye kujua kila jiwe la nchi yao, na mwaka 1906 akapata jeraha lililomharibu jicho la kushoto. Husemwa kwamba katika vita hivyo alijifunza vita vya porini. Ni kweli, lakini yafaa tuseme pia alijifunza kwa nani: kwa hao Wanama waliomtoboa jicho. Neno hilo vitabu vya sifa hupita mbio.

Januari 1914 alishuka Dar es Salaam, naye ni Luteni Kanali, awe mkuu wa jeshi la nchi. Alikuta kombania 14, askari Waafrika kama 2,500 na Wadachi 260. Msomaji apendaye lugha atafurahi kujua majina ya vyeo vya askari hao. Mdogo aliitwa ombasha, juu yake shaushi, kisha betshaushi, kisha sol, na aliyepita wote aliitwa efendi. Maneno hayo si ya Kidachi wala si ya Kiswahili. Ni ya Kituruki na Kimisri, yaliyoletwa na Wasudani ambao Hermann von Wissmann aliwaandika Misri mwaka 1889 ili wapigane na Abushiri. Hata mwaka 1914, wakati askari wengi walipokuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na watu wa makabila mengine ya nchi, vyeo vilikuwa vile vile.

Gavana Heinrich Schnee hakutaka vita. Alitumaini mapatano ya mwaka 1885 yangeliziacha nchi za Afrika ya kati kando ya ugomvi wa Ulaya, naye alikumbuka kwamba moto wa Maji Maji ulikuwa umezimika miaka saba tu. Mkuu wa jeshi alikuwa na shauri jingine. Alijua kwamba hawezi kuiokoa nchi, kwa maana mambo ya makoloni yangekatwa Ulaya. Lakini aliona kwamba kila askari wa Kiingereza atakayefungiwa huku hataonekana Ufaransa. Basi, tangu mwanzo, kwake nchi hii haikuwa kitu cha kulindwa, bali chombo cha kumchelewesha adui. Yafaa tulishike neno hili, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo.

Waingereza walipiga Dar es Salaam kwa mizinga ya manowari tarehe 8 Agosti 1914, na wiki moja baadaye Wadachi waliitwaa Taveta. Kisha ikaja Tanga. Tarehe 2 Novemba Waingereza walitokea baharini na watu kama 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, wamechoka kwa safari ndefu, na mkuu wao, Jenerali Aitken, hakupeleleza pwani. Lettow-Vorbeck alileta watu wake kwa reli ya Usambara, nao hawakuzidi kama 1,000. Vita vikali vilikuwa tarehe 4, katika mashamba ya minazi na katika njia za mji. Nyuki waliotimuliwa na risasi waliwashambulia watu wa pande zote mbili. Waingereza wengine walidai kwamba ni hila ya Wadachi, nayo haikuwa kweli, maana nyuki hawana jemadari. Tarehe 5 Waingereza walijipakia tena, wameacha bunduki mamia, bunduki za bombom 16 na risasi nyingi sana. Katika Wadachi waliokufa alikuwamo Tom von Prince, ambaye watu wa bara walimwita Bwana Sakarani, yeye aliyepigana na Mkwawa wa Uhehe.

Ushindi wa Tanga ulilifanya jina la Lettow-Vorbeck kujulikana, lakini mapigano yaliyomfundisha yalikuwa yale ya Yasini, mpakani, Januari 1915. Huko pia alishinda, naye mwenyewe akapigwa risasi mkononi. Jioni akahesabu: amepoteza maafisa wasioweza kupatikana tena, na risasi kama 200,000 zimekwisha katika siku mbili. Akaona kwamba ushindi wa namna ile hawezi kuununua zaidi ya mara tatu. Tangu siku hiyo akaacha kutafuta vita vikubwa, akatuma vikundi vidogo kwenda kuivunja reli ya Uganda.

Mwaka 1915 nchi ilijifunza kuishi peke yake. Meli moja ilipenya hata ghuba ya Manza mwezi wa Aprili, na ingawa Waingereza waliipiga, shehena yake ilitolewa majini. Nyingine ilifika Sudi mwezi wa Machi 1916. Manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha katika midomo ya Rufiji, ilivunjwa Julai 1915, lakini mizinga yake kumi ilitolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikaburutwa huku na huku katika nchi kwa kamba na kwa mabega ya watu mamia. Huko Amani wataalamu walitengeneza kwinini kwa magamba ya mikwinini yao, dawa ya maji chungu ambayo Wazungu waliipa jina la jemadari wao kwa mzaha. Fedha zilipokwisha, karakana ya reli ya Tabora ilipiga sarafu, za shaba na hata za dhahabu. Sarafu ndogo ya Kidachi iliitwa *Heller*. Nasi hata leo twasema hela, kama tusemavyo shule, bila kukumbuka kwamba maneno yote mawili tuliachiwa na utawala ule ule.

Machi 1916 Jenerali Jan Smuts alikuja na majeshi ya Afrika ya Kusini, ya Bara Hindi na ya Uingereza, akapita Kilimanjaro. Moshi ilianguka mwezi ule ule, Morogoro mwezi wa Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Na tarehe 19 Septemba Wabelgiji kutoka Kongo waliingia Tabora. Mji baada ya mji Smuts alishinda, ila kila alipokwenda kumzunguka Lettow-Vorbeck alikuta moto wa jikoni umepoa. Farasi wa Afrika ya Kusini walikufa kwa mbung'o, wapanda farasi wakatembea kwa miguu, kisha wakalala kwa homa na kuhara damu, hata mwisho wa mwaka maelfu ya Wazungu wale wakarudishwa kwao. Ndipo Waingereza walipozidi kuandika askari Waafrika katika King's African Rifles, na kuwaleta watu wa Nigeria na wa Gold Coast. Tangu mwaka 1917 vita hivi vya Wazungu, kwa sehemu kubwa, vilikuwa vya Waafrika waliopigana na Waafrika.

Hapa twafika penye shina la jambo. Mbung'o aliua farasi, maksai na punda, na motakaa zilizama matopeni. Basi chombo cha kuchukua vitu kilikuwa kichwa cha mtu. Na tufanye hesabu ambayo mwalimu aweza kuwapa watoto darasani. Mpagazi huchukua ratili 60. Kama ale ratili mbili za unga kwa siku, mzigo wake wote wa unga utamlisha yeye mwenyewe siku 30. Akienda mwendo wa siku 15 na kurudi siku 15, hawezi kumpa askari hata kibaba. Kwa hiyo lazima wawepo wapagazi wa kuwachukulia wapagazi chakula, na nyuma yao wengine tena. Au sivyo, watu hawalishwi vya kutosha. Au sivyo, chakula kinatwaliwa kijijini. Majeshi yote mawili yalifanya yote matatu.

Waingereza, kwa jumla ya nchi zote walizozitawala, waliandika wapagazi kama milioni moja. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikaribia 100,000, na wengi waliochunguza baadaye waona hesabu hiyo ni ndogo. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa kichomi, kwa unga wa mahindi ambao matumbo yao hayakuuzoea wala hawakupewa nafasi ya kuupika vizuri. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza *Carrier Corps*, na watu wakalitamka neno hilo kwa namna yao: Kariakoo. Mtaa wa Dar es Salaam wenye jina hilo ndipo kambi yao ilipokuwa baada ya mwaka 1916, na Nairobi nako kuna mahali penye jina lilo hilo. Wasomaji wetu makasisi watakumbuka kwamba Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliunda kikosi cha wapagazi mwaka 1916 akatembea nacho kwa miguu. Alilaumiwa na wengine kwa kuvaa cheo cha meja, naye akiwa askofu. Sisi hatumlaumu, maana wapagazi waliokuwa na mkubwa aliyewaangalia walikuwa na heri kuliko wengine.

Na wapagazi wa Lettow-Vorbeck? Hakuna daftari. Mwanzoni walikuwako wa mshahara, Wanyamwezi na Wasukuma wenye ufundi wa kazi hiyo tangu babu zao, nao walikwenda kwa hiari. Kadiri jeshi lilivyorudi kusini, watu walitwaliwa vijijini kwa nguvu, wakalindwa usiku wasitoroke, na aliyeshindwa njiani aliachwa. Walimu na makasisi Waafrika wa misheni ya U.M.C.A., kwa kuwa misheni yao ilikuwa ya Kiingereza, walishukiwa upelelezi, wakatiwa kifungoni na kutendwa vibaya; wazee wa Usambara na Bonde walilisimulia jambo hili miaka mingi.

Tena chakula. Jeshi lisilo na ghala hula mashamba. Ugogo ni nchi ya mvua haba, na mwaka 1916 majeshi yote mawili yalipita humo. Wadachi walitwaa ng'ombe, nafaka na watu. Waingereza wakaja nyuma yao wakatwaa tena. Kisha mvua ikakosa. Njaa iliyoingia Wagogo waliipa jina Mtunya, na yakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watano alikufa kati ya mwaka 1917 na 1920. Kusini, katika nchi za Songea, Lindi na Liwale, watu walikuwa hawajapona bado njaa ya Maji Maji, ambayo Wadachi waliileta kwa kusudi kwa kuchoma mashamba, na sasa mashamba yale yale yakaliwa mara ya pili. Daktari mmoja wa jeshi la Lettow-Vorbeck, Ludwig Deppe, aliandika mwenyewe baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibika na ghala tupu, na njaa kwa siku zijazo. Hilo si neno la adui. Ni neno la mtu aliyetembea katika msafara ule.

Mapigano makubwa kuliko yote yalikuwa Mahiwa, karibu na Lindi, tarehe 15 hata 18 Oktoba 1917. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,500 waliokufa na kujeruhiwa, Wadachi kama 500. Ulikuwa ushindi, na Mfalme wa Udachi alimpa Lettow-Vorbeck cheo cha jenerali. Lakini risasi nzuri zilikuwa zimekwisha karibu zote. Basi akachagua watu wake: wagonjwa na wadhaifu aliwaacha, wachukuliwe na Waingereza, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma kwa Wareno akiwa na Wadachi kama 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000. Siku ile ile aliwashinda Wareno huko Ngomano, akapata bunduki, risasi, nguo na dawa. Miezi kumi alizunguka Msumbiji, akila huku akienda. Septemba 1918 akavuka tena Ruvuma kurudi, akapita Songea, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na tarehe 13 Novemba watu wake waliushika mji wa Kasama. Huko, karibu na mto Chambezi, akapata habari kwamba Ulaya vita vimekwisha siku mbili zilizopita. Tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, uitwao sasa Mbala, aliweka silaha chini mbele ya Jenerali Edwards. Alikuwa na Wadachi 155, askari 1,168 na wapagazi zaidi ya 1,500, na wanawake na watoto nyuma yao. Bunduki nyingi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Askari walipelekwa Tabora, na huko homa ya mafua ya mwaka ule ikawaua wengi waliokuwa wameokoka yote mengine.

Je, alitimiza alilolikusudia? Kwa sehemu tu. Askari wengi waliotumwa kumfukuza, Waafrika, Wahindi, na Wazungu wa Afrika ya Kusini waliojiandikisha kwa vita vya bara hili, pengine hawangalipelekwa Ufaransa kamwe. Meli na fedha alizozizuia zilikuwa nyingi, lakini vita vya Ulaya havikubadilika kwa ajili ya Mahiwa. Kwa upande mwingine hatuwezi kumnyima haki yake. Alikula walichokula watu wake, alitembea kwa miguu, aliugua malaria mara nyingi, na askari waliobaki naye hata mwisho hawakubaki kwa hofu peke yake. Aliyetaka kutoroka porini mwaka 1918 alikuwa na nafasi kila usiku, na wengi walitoroka kweli. Askari alikuwa na mshahara, mke msafarani, boi wa kumchukulia bunduki, na heshima. Mpagazi hakuwa na lolote katika hayo. Wanaosifu uaminifu wa Waafrika kwa Lettow-Vorbeck wawatazame askari na wapagazi mbalimbali, maana walitembea njia moja lakini hawakuwa katika vita vimoja.

Mshahara wenyewe ulikuwa deni. Fedha zilikuwa zimekwisha zamani, na huko Abercorn kila askari alipewa hati tu ya kuonyesha anachodai. Jenerali alirudi kwao. Tarehe 2 Machi 1919 alipita kwa farasi katika lango la Brandenburg mjini Berlin, watu wakamshangilia. Mwaka uliofuata aliandika vitabu, kimoja kwa vijana, nacho alikiita kwa maneno ya wimbo wa msafara, *Heia Safari!*, na mwaka ule ule alijiunga na maafisa waliotaka kuipindua serikali, akapoteza cheo chake. Alikuwa mbunge tangu 1928 hata 1930.

Mwaka 1929 alifika Berlin kijana wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wadachi walimwandika Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari, naye mwenyewe aliingia jeshini akiwa mtoto, akajeruhiwa Mahiwa. Alidai mshahara wa baba yake na wake. Akajibiwa kwamba amechelewa. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani na kuigiza katika sinema, na katika chuo kikuu cha Berlin alimsaidia Profesa Diedrich Westermann kufundisha Kiswahili. Wengine waliokwenda kuhubiri au kutawala Afrika wakalisikia neno letu la kwanza kinywani mwake. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya mapenzi na mwanamke Mzungu, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen bila hukumu, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Lettow-Vorbeck alikuja tena Afrika mwaka 1953, mzee wa miaka 83, na wazee wa jeshi lake walimpokea Dar es Salaam. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Mwaka huo bunge la Ujerumani ya Magharibi liliazimu kuwalipa askari waliokuwa hai bado. Husimuliwa kwamba wazee mamia walikusanyika Mwanza, lakini wachache tu walikuwa wameihifadhi hati ya mwaka 1918. Basi mtu wa benki akampa kila mmoja fagio mahali pa bunduki, akatoa amri za kwata kwa Kidachi, wala hakuna mzee aliyekosea. Kwa wapagazi haikuwako njia ya kuwajaribu namna hiyo, kwa maana hawakufundishwa kwata, wala majina ya wengi wao hayakuandikwa mahali po pote.